Mteja wa Kwanza wa Jengo la Benki

Vijana wenzangu wa mlangoni na wa lifti, siku ya kuniaga mliniomba niseme machache. Nilisema asante nikakaa, maana niliona pilau inapoa na ninyi mnaitazama zaidi yangu. Sasa niko nyumbani Nyamiaga, mahindi nimeshapalilia, nafasi ninayo. Nitaandika yale ambayo ningeyasema. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilikuwa vya kofia, na mishahara mnaijua wenyewe.

Ninyi mmeanzia kazi katika majengo marefu ya katikati ya jiji, kila moja na jina la benki juu kabisa, herufi kubwa kuliko mtu. Mgeni akipotea mnamwambia, "Pita Benki hii, kata kushoto penye Benki ile." Nimetunza majengo ya namna hiyo miaka mingi, na katika yote benki yenyewe ilikaa sakafu mbili tatu za chini. Kwingine kote walikuwa mawakili, madaktari wa meno, na kampuni ambazo mpaka nastaafu sikujua zinauza kitu gani. Mlikuwa mkilishangaa jambo hilo. Mimi halikunishangaza, kwa sababu jengo langu la kwanza lilikuwa na jina la benki na benki haikuwamo hata chumba kimoja.

Lilikuwa Ngara mjini, enzi za Mwingereza, wakati mji wenyewe ni barabara moja, boma, soko na maduka machache ya bati. Mwenye jengo alikuwa Bwana Salehe, mfanyabiashara wa ngozi na chumvi, ambaye wazee wake walitoka Pwani wakapitia Tabora mpaka kwetu. Alikuwa amekwenda Mombasa kumwona dada yake, na huko akaona majengo ya ghorofa yaliyoitwa kwa majina ya benki. Kilichomkaa moyoni si ule urefu. Ni vile watu walivyolitaja jina wakipita: "Tukutane Benki." Waliposema hivyo, alituambia, hata sauti zao zilinyooka.

Aliporudi akajenga nyumba ya matofali ya kuchoma, chini na juu. Ghorofa moja tu, lakini ukiacha boma la Mjerumani kule Biharamulo, sisi hatukuwa tumeona nyumba iliyopanda mgongoni mwa nyumba nyingine. Juu ya mlango akaandikisha BENKI. Hesabu yake ilikuwa kwamba benki ikisikia kuna jengo lenye jina lake, itakuja yenyewe.

Bwana Shauri, yule Mzungu wa boma, alikuja kuuliza.

"Bwana Salehe, umeandika Benki. Benki iko wapi?"

"Haijafika."

"Sasa kwa nini umeandika?"

"Bwana Shauri, mwanangu nimempa jina la Sultani. Mbona hukuniuliza ana nchi gani?"

Bwana Shauri akatazama herufi zile kitambo, akasema zimeandikwa vizuri, akaondoka.

Siku yangu ya kwanza kazini nilipokelewa na Fundi Athumani, Mnyamwezi mmoja mwembamba aliyelijenga jengo hilo kisha akakataa kuondoka. Alisema hawezi kuiacha ngazi mikononi mwa watu ambao hawajapata kuiona. Akaniambia nipande. Nilipanda kwa mikono na magoti, na nilipofika juu nikashika ukuta kama mtu aliye mtumbwini. Hakucheka.

"Kupanda, kila mtu anapanda," alisema. "Kazi yako wewe ni kushusha."

Ndivyo ilivyokuwa. Mkataba uliniita mlinzi, lakini hapakuwa na wezi. Wezi nao waliiogopa ngazi. Nilikuwa mshushaji wa watu. Juu alipanga karani wa kahawa, na chumba cha pili alikuwa fundi cherehani aliyewapima wateja wake uwanjani kisha akapanda kushona peke yake. Mkulima wa kahawa alipanda kwa karani vizuri tu, mambo yake yakaisha, akafika kichwa cha ngazi, akatazama chini, akabadilika rangi. Hapo ndipo nilipoingia mimi na kamba yangu ya katani. Nilimfunga kiunoni, nikatangulia hatua moja mbele yake, na kumwuliza habari za shamba. Hayo alinifundisha Fundi Athumani na mpaka leo sijaona njia bora zaidi: usimwambie mtu asiogope, maana utakuwa umemkumbusha. Mwulize kapanda nini. Anaanza na migomba, anakwenda kwenye kahawa, na akifika kwenye maharage mmeshafika chini.

Niliifanya kazi hiyo kwa amani mpaka alipokuja Mama Stefania.

Alikuwa mjane kutoka Kibimba, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, na nyuma yake alivuta ng'ombe mwekundu aliyeiva, mwenye mimba, na pembe za ng'ombe wa kwetu, zile zinazopanda juu na kutanuka kama mtu anayeomba mvua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hapa ndipo Benki?"

"Ndipo."

"Haya. Nimeleta ng'ombe."

Bwana Salehe alitoka dukani aliposikia neno Benki. Akadhani anauza.

"Kuuza?" Mama Stefania alivuta kamba karibu. "Huyu Bihogo nilipewa na baba yangu nilipoolewa. Mume wangu amefariki, sasa shemeji zangu wanasema ni mali ya ndugu yao. Kila siku wanakuja na kamba. Jirani yangu alikuwa Uganda kwenye pamba. Ameniambia Kampala kuna nyumba zinaitwa Benki. Ukiweka kitu chako humo, hata ndugu wa damu hawezi kukitoa, mpaka uje mwenyewe. Nikasikia na Ngara ipo. Basi nimekuja kumweka."

Nilimtazama Bwana Salehe. Nilitegemea atacheka, kisha amweleze mama wa watu kwa upole. Lakini yule mzee alikuwa amesimama miezi mingi chini ya jina lile akingoja mtu aliamini. Macho yalimlowa.

"Filipo," akaniambia, "mpeleke ng'ombe wa mteja uani."

Uani ndiko zilikowambwa ngozi zikauke. Bihogo alifika mlangoni pa uani, akanusa, na nadhani alitambua jamaa zake. Aligeuka na kuniangusha, akapita ukumbini, akaiona ngazi mbele yake na kupanda. Pembe hazikuenea, akainamisha kichwa upande, kama mwanamke anayepita mlango mdogo na tita la kuni kichwani, na kwenda juu kwa kishindo. Fundi cherehani alishuka siku hiyo bila kamba na bila habari za maharage.

Tulipofika juu tulimkuta katika chumba cha mwisho kinachotazama soko, ametulia, anatafuna kitambaa cha suruali ya mtu.

"Tumshushe," nikasema.

"Aa," alisema Bwana Salehe. "Alale huko. Huko juu shemeji hawamfikii. Na benki hairudishi mteja."

Kesho yake, mama mwenyewe akiwepo, tulijaribu kumshusha na kumtafutia zizi la watu. Bihogo alikuja mpaka kichwa cha ngazi, akaweka kwato moja kwenye daraja la kwanza, akairudisha, kisha akalala chini. Tulivuta, tukasukuma, tukamwonyesha chumvi. Fundi Athumani alimkagua miguu ya mbele, akasema kiumbe huyu hakuumbwa kutazama chini namna hiyo, na kama tukimlazimisha atavunjika shingo na ngazi. Kipi kati ya hivyo viwili kilimwuma zaidi hakusema.

Kwa hiyo akakaa. Mama Stefania alifikia kwetu Nyamiaga, kwa mama yangu, na kila asubuhi tulikuja pamoja na migomba iliyokatwakatwa na majani mabichi. Nilipandisha maji kwa ndoo na kushusha samadi kwa ndoo ileile baada ya kuiosha, au kinyume chake. Karani wa kahawa alihama. Watu wa soko walizoea kuona pembe dirishani. Kisha Bihogo akazaa, ndama jike mwekundu kama mama yake, na mji mzima ukaja chini ya dirisha kushangilia, maana yule jirani wa Uganda alikuwa ameeleza pia kwamba benki ukiiwekea kimoja inakurudishia na nyongeza. Wakawa wanasema, "Benki imetoa faida!" Bwana Salehe alinunua halua kwa ajili ya wote.

Shemeji walifika baada ya hapo. Walikuwa wawili, na msemaji wao alikuwa mkubwa, Kagoma, mtu wa mabega mapana na kelele nyingi. Aliiona ngazi, akarudi uwanjani, na kuanzia siku hiyo aliendesha ugomvi wake wote kutoka chini.

"Shemeji! Mteremshe ng'ombe wa ndugu yetu!"

"Shemeji, njoo umchukue," alijibu Mama Stefania dirishani, bila kupaza sauti. "Mlango uko wazi."

Kagoma hakupanda. Alikwenda kushtaki kwenye baraza la mwami, chifu wetu wa wakati huo.

Hakimu wa baraza alikuwa Mzee Rwabigwi, mtu mzima mnene, mwenye kanzu nyeupe na koti la Kizungu juu yake, na sheria yake moja kubwa ilikuwa kwamba hahukumu mali ambayo hajaiona kwa macho. Akaja na kigoda chake. Nilimwamkia, akaitikia, akapanda ngazi kama mtu anayepanda kilima cha nyumbani kwake. Alimwona ng'ombe, akamwona ndama, akampigia hesabu ya pembe, akaridhika. Kisha akaja kichwa cha ngazi na kutazama chini.

Alitazama muda mrefu. Nikachukua kamba yangu.

"Mzee, mwaka huu umepanda nini?"

"Shauri linaahirishwa," alisema Mzee Rwabigwi.

"Mpaka lini, mzee?"

"Mpaka nitakaposhuka."

Akarudi chumbani kwa Bihogo, akaweka kigoda karibu na ukuta, mbali na dirisha. Jioni aliagiza mkeka wake. Kesho yake akaagiza mto. Nilijaribu kila kitu: kahawa, maharage, wajukuu, hata dini. Alinijibu vizuri yote, ameketi, na makalio yake hayakuachana na kigoda. Mama Stefania alimkamulia maziwa asubuhi, yakiwa bado na povu, na mzee akasema ofisi hii ni nzuri kuliko ile ya baraza, isipokuwa haina njia ya kutokea.

Wakati huohuo Bwana Salehe akapata habari iliyomfanya akose usingizi. Kumbe alikuwa akiwaandikia barua kwa siri, nazo zilikuwa zimezaa matunda: mtu wa benki, benki ya kweli, alikuwa njiani kutoka Mwanza kuja kuliangalia jengo. Bwana Salehe alipanda juu, akaona mkeka wa hakimu, akaona majani ya migomba, akavuta hewa, akakaa chini kwenye sakafu.

"Filipo, nimeisubiri benki hii tangu nywele zikiwa nyeusi," alisema. "Nifanye nini?"

Jibu alikuwa nalo Kagoma. Alisimama uwanjani, watu wamemzunguka, akapaza sauti:

"Jambo ni jepesi! Achinjwe hukohuko juu! Nyama itashuka kwa vikapu! Nusu yetu, nusu ya shemeji, na Bwana Salehe apewe ngozi!"

Watu walipiga makofi. Lazima niseme ukweli, lilikuwa wazo la busara. Hata Fundi Athumani aliinamisha kichwa akaifikiria ngazi yake. Bwana Salehe alimtazama Mama Stefania kwa macho ya kumwomba, naye alikuwa ameshika shingo ya Bihogo kwa mikono miwili.

"Nilipomleta mliniambia hatolewi bila mimi," alisema. "Basi mimi sijaja kumtoa. Mwenye kisu anianze mimi."

Hakulia. Ndama alikuwa akinyonya nyuma yake. Niliona Bwana Salehe anageuza uso ukutani.

Mzee Rwabigwi ndiye aliyejibu. Alikuwa ameshika kibuyu cha maziwa.

"Ngojeni kwanza," akasema. "Huyo mtu anasema, kilichopanda kikashindwa kushuka, kikatwe kishushwe kwa vikapu?"

"Ndivyo anavyosema, mzee."

"Na mimi je?"

Tukatazamana.

"Mleteni hapa," alisema hakimu. "Shauri limefunguliwa. Asiyepanda ameshindwa."

Kagoma alikuja mpaka ukumbini huku ndugu yake akimsukuma mgongoni. Nilimfunga kamba kiunoni, nikapanda nyuma yake. Alipanda amefumba macho. Juu, Mzee Rwabigwi akaamuru asiingie chumbani, asimame palepale kichwa cha ngazi, mgongo wake uelekee kule alikotoka. Kwa jinsi nilivyomjua mzee wakati huo, nadhani alitaka tu awe na mwenzake katika hofu. Lakini ilifanya kazi kuliko kiapo.

"Kagoma, siku ndugu yako alipooa, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, mzee."

"Ulifanya nini?"

"Nilishika fimbo. Nilimswaga ng'ombe." Akatazama nyuma yake mara moja tu, akashika ukuta. Nikakaza kamba. "Nishusheni, jamani."

"Unashushwa sasa hivi. Ulimswaga kutoka wapi kwenda wapi?"

"Kutoka kwa baba yake huyu shemeji kuja kwetu. Mama yake Bihogo alikuwa wa baba yake, Bihogo ni zawadi, kila mtu anajua, hata mimi najua, nishusheni!"

"Mshusheni," alisema hakimu, na akanywa maziwa.

Nilimshusha. Nilimwuliza kapanda nini mwaka huu. Alisema viazi, na akalia njia nzima.

Hukumu ilikuwa fupi. Ng'ombe na ndama ni wa Mama Stefania. Na kwa kuwa wa kwanza aliyeshuka baada ya kutoa ushahidi alikuwa ameshuka kwa kamba huku akilia, jambo lisilofaa kwa hakimu wala kwa ng'ombe, mji ujenge njia nyingine.

Fundi Athumani aliichora njia hiyo chini kwa kijiti: tuta la udongo kutoka uwanjani mpaka kwenye roshani ya nyuma, refu, lenye mteremko mpole, pembeni matofali mabovu. Watu walikuja na majembe na vikapu kutoka sokoni, Nyamiaga, hata Murukulazo, wengine kwa huruma, wengi kwa kutaka kuona hakimu anashukaje. Kagoma naye alibeba udongo. Hakuna aliyemwomba.

Tukiwa katikati ya kazi, gari la Bwana Shauri likaingia na mtu wa benki. Alikuwa Mzungu kijana, mwenye soksi ndefu. Akatazama tuta. Akatazama juu: dirisha moja lilikuwa na pembe, la pili lilikuwa na hakimu, kwa mbali ndani, wote wawili wanatafuna.

"Hii ni nini?" aliuliza kwa Kiswahili cha kujifunza.

Bwana Salehe alilivuta koti lake. "Hiyo ni njia ya wateja."

"Na hao juu?"

"Hao," alisema Bwana Salehe, na hapo sauti yake ikanyooka kama za watu wa Mombasa, "ndio wateja."

Mtu wa benki aliuliza kama kuna chai. Akanywa, akashukuru, akapanda gari kwenda Bukoba. Bwana Shauri alibaki. Alisema hajawahi kukosa usingizi kwa sababu ya benki, ila hili hataki kulikosa.

Tuta likaisha. Tulimtanguliza ndama, Mama Stefania akamfuata akimwita Bihogo kwa jina, polepole. Bihogo alikuja mpaka ukingo wa roshani, akaunusa udongo, akaweka kwato. Udongo ulikuwa udongo, si mbao. Akaweka ya pili. Hapo Mzee Rwabigwi, ambaye alikuwa ameapa atashuka baada ya kumwona ng'ombe amefika chini, aliogopa kuachwa peke yake. Akaruka kutoka kwenye kigoda na kushika mkia. Basi wakashuka hivyo: ndama, mjane, ng'ombe, na hakimu wa mwami nyuma kabisa, kanzu ameikunja kwa mkono mmoja, amefumba macho, akisema, "Polepole, mama, polepole," na mpaka leo sijui alikuwa akimwambia mama yupi. Mji mzima ulinyamaza mpaka alipokanyaga uwanja. Kisha kelele zilizopigwa siku hiyo sijazisikia tena, hata siku ya Uhuru.

Mama Stefania hakukaa hata kwa chai. Alimshika Bwana Salehe mikono yote miwili, kisha akanishika mimi, akasema mnatunza vizuri, akaenda zake Kibimba, Bihogo akitikisa pembe mbele ya watu waliopisha njia.

Bwana Salehe aliketi kizingitini chini ya herufi zake mpaka jua likashuka. Aliniambia nilete ngazi ya mti asubuhi, tulifute lile jina. Sikubishana naye. Usiku mzima nilikuwa nikifikiria chokaa ipi itafunika rangi nyeusi.

Asubuhi nilikuja na ngazi na ndoo ya chokaa, nikakuta watu wamejipanga mlangoni mpaka karibu na soko. Mmoja alikuwa na mbuzi wawili, mwingine mzinga wa nyuki, bibi mmoja ameketi juu ya jiwe lake la kusagia na hataki liguswe. Bwana Salehe alikuwa amesimama mlangoni na kanzu ya Idi.

"Weka ndoo chini, Filipo," alisema. "Fungua mlango."

Nikafungua. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Kagoma, amekumbatia jogoo, anatazama nyuma kama ndugu yake anamfuata.

"Shikamoo, Bwana Salehe," akasema. "Nimemleta mnitunzie. Ila tafadhali, huyu akae chini."